Una kipaji cha gemu, katuni au kompyuta na uko Mtwara au Lindi? Namna ya kukigeuza kiwe kazi inayokulipa

Huku kusini kuna vijana wengi sana wana ujuzi ambao hata nyumbani kwao hawajui kama ni ujuzi. Kuna anayechora katuni za kijapani kwenye simu mpaka chaji inaisha, kuna anayefumua redio na kuzirudishia, kuna anayejifunza Blender (programu ya kutengeneza katuni na picha za 3D) usiku kwa bando la usiku kwa sababu mchana linamshinda bei, kuna dada anayeandika hadithi za majini na sayari kwenye daftari la kaunta na hajawahi kumuonyesha mtu. Na wote wanaambiwa maneno yale yale, acha kuchezea simu katafute kazi. Mi naamini hiyo hiyo ndo kazi yenyewe, ila haiji yenyewe, na ukiangalia vizuri wengi wanakwama sehemu moja tu: wana vitu kibao walivyoanza na hawana hata kimoja walichomaliza wakamkabidhi mtu. Kwa iyo haya yote nayoandika hapa chini yanazunguka hapo hapo, kumaliza na kukabidhi.

Hatua ya 1: sema unauza nini

"Mi ni mchoraji", "mi ni mtu wa IT", "mi napenda gemu", hakuna mteja wa hivyo vitu. Mtu wa Magomeni au Ligula hapa Mtwara mjini ananunua lebo ya bidhaa yake, nembo ya saluni, kadi ya harusi, video ya dakika moja ya gesti yake, programu ya kumhesabia stoo. Kaa chini uvunjevunje unachokipenda kiwe vipande ambavyo mtu anaweza kuvitaja kwa jina na kuvilipia. Anayechora katuni anaweza kuuza picha za vitabu vya watoto, mabango ya afya ya zahanati, stika za WhatsApp, wahusika wa gemu. Anayeandika programu za kompyuta anaweza kuuza apu ndogo, ukurasa wa biashara, mfumo wa michango ya kikoba. Anayependa ramani na droni anaweza kupima mashamba na kupiga picha za viwanja, ila droni ina kibali chake TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, usirushe tu kwa sababu unayo.

Kwenye gemu niseme ukweli wangu. Kucheza kwa kulipwa ni njia nyembamba mno, na seva za gemu nyingi ziko mbali na sisi, kwa iyo unacheza na mtu wa Ulaya huku picha yako inachelewa. Cheza, furahi, lakini kama unataka mshahara angalia pembeni ya kucheza: kutengeneza gemu, kuzijaribu na kuandika ripoti ya makosa, kuzitafsiri kwa Kiswahili, kuandaa mashindano mtaani. Kijana anayeweza kupanga ratiba ya timu 16 kwenye kibanda cha gemu, akakusanya viingilio, akasimamia zawadi na ugomvi usitokee, huyo tayari ni meneja wa matukio, ajue tu kulisema hivyo.

Hatua ya 2: vifaa, na hapa usikae sana

Blender ni bure, Krita ya kuchorea bure, Inkscape ya nembo na lebo bure, GIMP ya kurekebisha picha bure, Godot ya kutengenezea gemu bure. Bure kabisa, tena kihalali, kwa iyo hakuna sababu ya kuweka programu zilizovunjwa ambazo zinakuja na virusi vinavyokula kazi ya mteja. Na usidhani cha bure ni cha watoto, filamu ya katuni ya Latvia iliyochukua Oscar mwaka 2025 ilitengenezwa na Blender. Kama una simu tu, anza na simu, zipo apu za kuchora zenye leya (tabaka za mchoro) na kila kitu. Kompyuta ya mtumba itakuja na hela ya wateja. Kukopa ili ununue kompyuta kabla hujapata hata mteja mmoja mi sishauri.

Kitu kimoja tu ukizingatie kuanzia siku ya kwanza, hifadhi kazi zako sehemu mbili. Umeme unakatika, simu zinaangukia ndani ya maji pale feri, flashi zinapotea. Faili likiwa sehemu moja tu lihesabu kama halipo.

Hatua ya 3: maliza vitu vitatu vidogo, na viwe vya huku

Hapa ndo pana utamu, na hapa ndo vijana wa kusini wanajipunja. Unakuta mtu ana mkono mzuri balaa lakini potifolio yake, yaani kazi zake za kuonyesha wateja, yote ni wahusika wa katuni za Japani waliochorwa na watu wengine. Kwa mazoezi sawa kabisa, kila mtu anajifunza kwa kunakili. Lakini kuuza huwezi maana wana wenyewe, na mtu wa Nairobi au Berlin akiangalia haoni kwa nini akuchague wewe kati ya maelfu wanaochora hao hao.

Sasa angalia tulivyo navyo. Wamakonde walikuwa wanabuni viumbe wa kutisha na kuchekesha miaka mingi sana, yale mashetani ya mpingo yenye jicho moja, masikio ya kuning'inia, mwili uliojipinda mpaka hujui mguu unaanzia wapi, ile ni kazi ambayo kampuni za gemu zina watu wanalipwa mshahara kuifanya. George Lilanga, Mmakonde wa huku kusini aliyezaliwa 1934, aliingia Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii kule Dar, kwa kazi ya ulinzi, akayachukua mashetani ya kwenye uchongaji akayahamishia kwenye picha za rangi, na mpaka anafariki 2005 picha zake zilikuwa zimeshaonyeshwa Marekani na Ulaya. Yule hakwenda kuazima viumbe vya watu.

Afu kuna Tendaguru, hapo hapo mkoa wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dainosaria pale, ikabebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, na mmoja wa wale mijusi amesimamishwa makumbusho ya Berlin, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Watu wa huku ndo walichimba, msimamizi wao mmoja anajulikana kwa jina, Boheti bin Amrani. Hebu fikiria katuni ya kurasa nane ya wale wapagazi na ule mzigo, au modeli ya 3D ya yule mjusi amesimama pembeni ya mnazi ili mtoto wa darasa la nne aone ukubwa. Shule zinahitaji hicho kitu. Kilwa Kisiwani nayo, urithi wa dunia tangu 1981, magofu yapo, vipimo unaweza kuvichukua mwenyewe kwa futi kamba, ukajenga upya lile jumba la sultani, Husuni Kubwa, kwenye kompyuta jinsi ilivyokuwa na kuta zake zima.

Na kwa mtu wa kuandika programu, chukua bao. Ukitaka kujua kama unajua kuandika programu tengeneza bao la kiswahili, mashimo 32, kete 64, kila mtu anaanza na kete 10 ubaoni, sita kwenye nyumba na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi. Kupanga ni rahisi, shughuli inaanza kwenye namu, ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete za mkononi. Ukila kwenye kimbi (shimo la pili kutoka pembeni) lazma uanzie kichwa (shimo la pembeni kabisa) cha upande ule ule, programu yako inajua hilo? Kwenye namu, ukiwa umekula na kete ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba na hapo hakuna cha kula, mchezaji ana uamuzi wa kulala (kuishia hapo) au kusafirisha nyumba (kuzisambaza kete zake), kwa iyo programu isimuamulie, imuulize. Na kete za mkononi zikiisha mchezo unageuka mtaji, hatua ya pili, sheria zinabadilika. Ukimaliza usipeleke kwa washkaji zako, peleka barazani Mikindani kwa wazee wanaocheza kila jioni, wape shikamoo, omba wakuchezee simu yako, kaa kimya uandike kila wanapoguna. Mzee akisema "hapa mjukuu wangu umekosea, huwezi kutakata wakati kuna cha kula", yaani huwezi kusambaza kete bila kula, hiyo ni ripoti ya makosa ambayo huwezi kuinunua popote, na apu ikitoka pale imeshakaguliwa na mabingwa.

Angalizo moja na naliomba sana. Mambo ya jando na unyago yana siri zake, na mapiko si kinyago cha kupambia tu gemu. Kabla hujachora kitu cha ndani waulize wazee kipi kinaonyeshwa hadharani na kipi hapana. Wakikataa, kimekataliwa. Vilivyo wazi vinatosha, huwezi kuvimaliza.

Kwa nini vitatu na kwa nini vidogo? Kwa sababu gemu kubwa la miaka mitano halimaliziki na mteja haoni kitu. Kurasa nane za katuni, mhusika mmoja aliyekamilika mbele, pembeni na nyuma, apu moja inayofanya kazi moja. Ziwekee tarehe ya mwisho na umwambie mtu hiyo tarehe, ikibidi mwambie mama yako, siku ikifika kitoke hata kama unaona bado.

Hatua ya 4: mteja wa kwanza yuko hapa hapa mtaani

Watu wanakimbilia mitandao ya kazi za nje kabla hawajawahi kumhudumia hata mtu mmoja wa mtaani kwao. Mi nasema anza na korosho. Kuna kina mama na vikundi vingi wanabangua, wanakaanga na kufungasha korosho, na nyingi zinauzwa kwenye mfuko mweupe au na kikaratasi kimeandikwa kwa mkono. Lebo nzuri inampandishia bei siku iyo iyo. Na lebo si urembo tu, mtundu ndo anafaa hii kazi kwa sababu ina ditali nyingi: jina la bidhaa, uzito halisi, viambato, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya bechi, jina la mzalishaji na mahali alipo, namna ya kuhifadhi. Alama ya TBS usiiweke kama mteja hajapewa leseni, hata akikubembeleza. Akitaka kuingia supamaketi atahitaji msimbomilia (barcode), za Tanzania zinaanza na 620 na zinatolewa na GS1, siyo kuokota wowote mtandaoni ukabandika. Faili la kuprinti litoe kwa PDF, picha ziwe na dpi 300 (nukta 300 kwa inchi), rangi ziwe za CMYK (zile nne za wino wa kuprinti), na dizaini ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande ili mkasi ukihama kidogo usiache ukingo mweupe. Ukiyajua haya manne mwenye mashine ya kuprinti atakupenda na atakuletea wateja yeye mwenyewe.

Namna ya kumfuata: nenda kwa miguu, nunua pakti moja, ongea naye, usiku chora sampuli moja ndogo ya jina lake, kesho yake mtumie. Mkikubaliana, maneno yote yaandike, hata kama ni shangazi yako, tena hasa akiwa shangazi yako. Ujumbe uwe wa heshima na uwe na kila kitu, mfano hivi:

"Shikamoo mama. Mi ndo yule kijana tuliongea jana pale dukani habari ya lebo za korosho. Kazi niliyoielewa ni lebo moja ya pakti ya gramu 250. Ijumaa nakuletea sampuli mbili, utachagua moja, na marekebisho mara mbili yamo humo humo kwenye bei. Bei ni 40,000, unatanguliza 20,000 ndo naanza, iliyobaki siku nakukabidhi faili. Kuprinti ni pembeni, hela yake utampa mwenye mashine. Kama kuna sehemu sijakuelewa niambie mama angu."

Hiyo bei ni mfano, weka yako. Ila ona hapo kuna kazi, tarehe, idadi ya marekebisho, kianzio, na kisichokuwemo. Ugomvi mwingi kati ya wasanii na wateja unaanzia kwenye "rekebisha kidogo tena" ya mara ya tisa, ukishaandika mara mbili basi ya tatu ina bei yake na hakuna atakayenuna.

Gesti za Mikindani na Msimbati zinahitaji picha na video, bodaboda wanataka stika, kwaya na madrasa wanataka mabango ya mahafali, mafundi simu wanataka mtu wa kuwaandikia stetasi nzuri. Ukimaliza kazi omba vitu viwili, ruhusa ya kuionyesha, na jina la mtu mmoja mwingine mwenye shida kama yake.

Hatua ya 5: bei inaenda na msimu

Mtu wa Dar hawezi kukufundisha hili. Hela ya huku ina majira. Minada ya korosho ikianza kwenye Oktoba mji unabadilika, watu wanajenga, wanaoa, wanafungua maduka, na kila mtu anataka bango jana. Ikifika Februari na Machi mifuko imenyauka na mvua inanyesha. Kwa iyo tafuta wateja Agosti na Septemba, kabla hela haijaingia, ili ikiingia we tayari uko kwenye hesabu zao. Miezi isiyo na hela itumie kutengeneza vitu vyako, kujifunza, na kutafuta kazi za watu wa nje ya mkoa ambao korosho haiwahusu. Na hela ya msimu usiile yote, gawa kwa miezi kumi na mbili hata kama inauma.

Kuhusu kiasi, piga hesabu ya saa ulizotumia, bando, umeme, nauli, na kitu cha kuchakaa kwa kifaa. Ukitoza chini ya hapo unamlipia mteja kazi yake. Kupunguza bei unaweza, lakini punguza na kazi: sampuli moja badala ya mbili, rangi moja badala ya nne. Usipunguze bei kazi ikabaki ile ile.

Hatua ya 6: karatasi za serikali

Fupi tu. TIN inatolewa bure TRA, ukiwa pale muulize afisa biashara yako inaangukia kundi gani la kodi, usisubiri wakutafute. Jina la biashara linasajiliwa BRELA kwa mtandao. Msanii anajisajili BASATA, baraza la sanaa. Hakimiliki unayo tangu ulipotengeneza kazi, kwa sheria ya 1999 inadumu maisha yako na miaka 50 baada ya kufa, lakini kusajili COSOTA kunakupa ushahidi mtu akikuibia, na pia tunza mafaili yako ya mwanzo yenye leya zote. Ukifungua chaneli ya maudhui kibiashara waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama aina yako inahitaji leseni.

Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na kwa wanawake na vijana inatolewa kwa vikundi. Wachoraji na watundu wa kompyuta huwa hawaendi wanadhani ni ya wafuga kuku. Jiungeni, andikeni mpango wenye wateja wa kweli na namba za kweli, muone afisa maendeleo ya jamii wa kata. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao wapo Mtwara na Lindi, kwa mtu wa vifungashio ni watu wa kuwafahamu.

Hatua ya 7: toka nje ya mkoa

Ukishakuwa na kazi kama tano za wateja waliolipa, sasa ingia mtandaoni. Wachoraji na watu wa 3D wako ArtStation na Behance. Gemu unaweza kuiweka itch.io bila kulipa, Google Play ni dola 25 mara moja tu, Steam ni dola 100 kwa kila gemu. Akaunti mpya za mtu binafsi za Google Play zinataka watu 12 wakujaribie apu siku 14 mfululizo kabla hujaitoa kwa umma, kwa iyo andika mapema majina ya wale wazee wa bao na wajukuu zao. YouTube wanaanza kugawana nawe hela za matangazo ukifika wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, kwa iyo usiiweke kwenye bajeti ya kodi ya chumba mwezi huu.

Kabla hujakubali kazi ya mtu wa nje, hakikisha hela itakufikiaje. Fungua akaunti ya kupokelea, ijaribu kwa kiasi kidogo, jua makato yake, ndo useme ndio. Na anayekuomba utume hela ya "kufungulia kazi" ni tapeli, funga mazungumzo.

Nyumbani utawaambiaje

Usibishane nao. Baba hajaelewa 3D na hana lazma ya kuelewa. Msaidie palizi na kuokota korosho msimu wake ukifika, panga saa zako zijulikane, "baba mi kuanzia saa mbili usiku mpaka saa sita niko kazini", na hela ya kwanza ikiingia nunua kitu cha nyumba kinachoonekana, gunia la mchele au bati. Wadada hapa mna mzigo zaidi maana jiko linawasubiri, tafuteni mwenzenu mmoja au wawili mfanye kazi pamoja kwa mmoja wenu, kundi la mabinti wanaofanya kazi mezani linaheshimiwa haraka kuliko binti mmoja na simu kitandani.

Na kama uko tayari na vitu vyako vitatu, ipange kwenye kalenda Nane Nane ya Ngongo pale Lindi, tarehe 1 mpaka 8 Agosti. Wafungashaji, vikundi na halmashauri za kanda nzima wako uwanja mmoja. Omba kona kwenye banda la kikundi unachokifahamu, beba sampuli zilizoprintiwa na simu yenye chaji, daftari la kuandikia namba za watu na kila mtu anachohitaji, na ukirudi wapigie wote ndani ya wiki hiyo hiyo kabla hawajakusahau, maana kufika Oktoba watakuwa wanatafuta mtu wa kuwafanyia.